Klebsiella ikizuka wodini: karatasi kwanza, halafu fuata kilicholowa

Maabara ikipiga simu kusema chupa ya tatu ya damu wiki hii imeota bakteria Klebsiella pneumoniae, na zote zimetoka wodi ya vichanga, hospitali nyingi za huku kwetu humwita mtu wa maabara aje na swabu (vijiti vyenye pamba) apanguse kila kitu: kuta, madirisha, simu ya mezani, kitasa cha mlango. Siku mbili baadaye sahani za agari, jeli ya kuoteshea bakteria, zimejaa inkubeta ya maabara, nusu zimeota kitu fulani, na hakuna anayeweza kueleza zinasema nini. Naandika haya kwa wenzangu wa wodi na maabara, kuanzia Busia hadi Nakuru, kwa sababu iko njia ya bei nafuu zaidi, na huanza kwa kalamu.

Klebsiella si mgeni kwetu. Mradi wa CHAMPS, wenye vituo Kisumu na Siaya, huchunguza tishu za watoto waliofariki ili kujua hasa kilichowaua, na bakteria huyu ni miongoni mwa wanaotajwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kumpata kwenye damu ya mtoto mmoja si habari. Swali ni kama wamezidi kawaida ya wodi yako, na kama wanatoka mahali pamoja.

Kawaida ya wodi yako iko kwenye rejista ya maabara. Rudi nyuma miezi 12, hesabu kila mwezi damu ngapi zilioteshwa, ngapi zilitoa Klebsiella, na wodi ilikuwa na siku-wagonjwa ngapi (jumlisha idadi ya waliolala kila usiku). Tuseme mwezi huu kuna watoto 9 katika siku-wagonjwa 1,500. Hiyo ni 6 kwa kila 1,000. Kama miezi ya nyuma ilikuwa 1 au 2 kwa 1,000, una shida. Lakini angalia pia idadi ya damu zilizotumwa. Chupa za kuoteshea damu zinapokosekana stoo kwa miezi kisha zikafika katoni nzima, madaktari hutoa damu kwa kila mtoto, na Klebsiella iliyokuwepo siku zote inaonekana kama imezuka jana. Huo si mlipuko, ni macho yamefunguka. Bado ni tatizo, ila halichunguzwi kwa njia ileile.

Kuna pia mlipuko wa uongo. Chupa zinaota lakini watoto wako sawa, wananyonya, joto halijapanda wala kushuka. Hapo shuku namna damu inavyotolewa. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kibakuli cha pamba. Wodi nyingi huloweka pamba asubuhi na kuzitumia mpaka usiku, wakati mwingine kwa dawa ya setrimidi na klorheksidini iliyochanganywa na maji ya mfereji badala ya spiriti ya asilimia 70. Bakteria kadhaa, hasa jamii za Pseudomonas na Burkholderia, huishi vizuri tu ndani ya mchanganyiko wa namna hiyo, na kila ngozi inayopanguswa inapakwa badala ya kusafishwa. Uliza pia kama kifuniko cha mpira cha chupa hupanguswa kwa spiriti na kuachwa kikauke kabla ya kutobolewa. Wengi hudhani ukibandua kile cha plastiki basi mpira ulio chini yake ni safi kama sindano mpya. Sivyo.

Damu yenyewe iwe angalau mililita 1 kwa kichanga, ikiwezekana zaidi, iingizwe chupa ya watoto, na isiwekwe friji. Inakaa joto la kawaida na kufika maabara ndani ya saa 2. Kwa kituo kinachotuma Kisumu kwa pikipiki kutoka mbali, andika saa ya kutoa damu kwenye chupa, maana damu iliyochelewa njiani na ikakosa kuota haimaanishi mtoto hana ugonjwa.

Sasa karatasi.

Andika kwanza nani anahesabiwa. Mfano: mtoto yeyote aliyelazwa wodi ya vichanga kuanzia tarehe 1 Machi, ambaye Klebsiella pneumoniae imeota kwenye damu yake iliyotolewa saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Huyo ni kesi iliyothibitishwa. Kisha weka kesi inayoshukiwa: wa wodi hiyohiyo, kipindi hichohicho, mwenye joto la 38 kwenda juu au chini ya 35.5, au aliyeacha kunyonya, au anayepumua mara 60 na zaidi kwa dakika, au mwenye degedege, ambaye damu yake haikuoteshwa. Bila kundi hili la pili utawasahau waliofariki usiku kabla ya damu kutolewa, na hao ndio mara nyingi wanaoonyesha mlipuko ulianza lini. Usiandike kwenye maelezo hayo kitu unachokishuku, kwa mfano "aliyepewa dripu". Ukifanya hivyo umeshajibu swali kabla ya kuliuliza.

Halafu orodha. Mstari mmoja kwa mtoto mmoja: namba ya faili, tarehe na saa ya kuzaliwa, uzito, alizaliwa hapa au aliletwa kwa rufaa na kutoka wapi, tarehe ya kulazwa, kitanda au inkubeta aliyolala kila siku, siku dalili zilipoanza, siku damu ilipotolewa, kanula (mrija mwembamba wa mshipani), mrija wa tumboni, oksijeni au CPAP (mashine ya kusukuma hewa mapafuni), maziwa yalitoka wapi, dripu gani, dawa gani na saa ngapi, amepona, yupo au amefariki. Laha moja ya kompyuta inatosha. Hata daftari la mistari linatosha.

Safu mbili huharibiwa zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni siku ya dalili. Watu hujaza tarehe jibu la maabara lilipotoka, kwa sababu ndiyo rahisi kupata. Jibu hutoka siku mbili, tatu au zaidi baada ya mtoto kuugua, na kama kulikuwa na wikendi katikati, wanne waliougua siku tofauti wanaonekana wote wameugua Jumatatu. Toa tarehe hiyo kwenye chati ya joto na maandishi ya muuguzi wa zamu. Ya pili ni kitanda. Wodi zetu zinapojaa, watoto wawili hulala inkubeta moja, na wanahamishwa usiku bila kuandikwa. Keti na sista wa zamu ya usiku, si msimamizi wa wodi peke yake, mkachora ramani ya wodi mkikumbuka pamoja. Ni yeye anayejua nani alilala na nani.

Ukichora kesi kwa siku, umbo la mchoro linakuambia mengi. Kesi zikipanda kwa kishindo ndani ya siku chache kisha zikashuka, fikiria kitu kimoja walichopewa wengi: dripu, dawa, maziwa. Zikija moja leo, mbili keshokutwa, moja wiki ijayo, bila kuisha, fikiria mikono na vifaa vinavyozunguka. Na zikizuka katika hospitali kadhaa kwa wakati mmoja, mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo siku hiyohiyo, ukiwa na namba za matoleo ya dripu na dawa mkononi. Marekani, mwaka 1970 na 1971, Enterobacter ilienea katika hospitali nyingi kupitia chupa za dripu ambazo kasoro yake ilikuwa kwenye kifuniko, tangu kiwandani. Wodi moja peke yake isingeweza kuliona hilo.

Mara nyingi, hata hivyo, shida haitoki kiwandani. Iko kwenye trei ya dawa, na hapa ndipo ningeomba mtu atumie muda wake mwingi kuliko pengine popote.

Chukua jentamisini. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 katika mililita 2. Kichanga wa kilo 1.5 katika wiki ya kwanza, kwa kipimo cha miligramu 3 kwa kilo, anahitaji miligramu 4.5, yaani karibu mililita 0.11, tone ambalo bomba la sindano la mililita 2 haliwezi kulipima kwa uhakika. Kwa hiyo ampuli huongezewa maji hadi mililita 8, kila mililita ibebe miligramu 10, naye mtoto apate 0.45. Hesabu ni nzuri kabisa. Lakini sasa una dawa ya kuwatosha watoto zaidi ya 15 ndani ya bomba moja la sindano, stoo ina upungufu, na hakuna muuguzi mwenye roho ya kumwaga iliyobaki. Bomba lile linawekwa kwenye trei, linafunikwa kwa glovu au kipande cha plasta, na linarudiwa saa baada ya saa.

Dripu ni hivyohivyo. Deksitrosi ya asilimia 10 isipokuwepo, hutengenezwa: sehemu 1 ya asilimia 50 kwa sehemu 4 za maji ya sindano. Kila uchanganyaji ni mkono, sindano na mpira uliotobolewa tena. Halafu kuna ule mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 500 unaoning'inizwa pembeni kwa ajili ya kusukuma kanula za wodi nzima zisizibe, na sindano imeachwa imechomekwa juu yake ili asiyeweza kusubiri asitoboe upya. Ukiona sindano hiyo, acha mengine yote uanze nayo.

Kwa nini ni hatari hivyo? Klebsiella na jamaa zake Enterobacter na Serratia wanaweza kuzaana ndani ya deksitrosi katika joto la chumba. Bakteria wachache walioingia asubuhi wanaweza kufika maelfu mengi kwa kila mililita kufikia kesho yake, na jicho halioni kitu: hata wakifika milioni moja kwa mililita, maji yanaweza kubaki meupe yakimetameta. Kukagua kwa kuinua mfuko kwenye mwanga hakusaidii. Na mtu wa Nakuru asijifariji kwamba kwao kuna baridi kuliko Kisumu. Wodi ya vichanga hupashwa joto makusudi popote ilipo.

Ili usishuku trei kwa hisia tu, linganisha. Kwa kila mtoto aliyeugua chagua wawili wasiougua, waliokuwa wodi hiyohiyo wakati huohuo na waliokuwa wamekaa angalau siku sawa na alizokaa mwenzao kabla ya kuugua. Ukimchagua mtoto aliyelala siku moja tu kumlinganisha na aliyelala siku tisa, kila kitu kitaonekana kina hatia. Kisha soma chati za dawa. Tuseme kati ya watoto 12 waliougua, 9 walisukumiwa kanula kwa mfuko wa pamoja. Kati ya 24 wazima, 6 tu. Waliobaki, 3 waliougua na 18 wazima, mfuko huo haukuwagusa. Zidisha kwa mshazari: 9 mara 18 ni 162, na 3 mara 6 ni 18, gawanya, unapata 9. Odi (waliopitia gawanya kwa wasiopitia) za kuwa walipitia mfuko huo ni mara 9 zaidi kwa waliougua kuliko kwa wazima. Fanya hesabu hiyohiyo kwa oksijeni, kwa mrija wa tumboni, kwa inkubeta, kwa maziwa ya kukamua. Kitakachojitokeza ndicho utakachokwenda kukichukulia sampuli.

Sasa swabu zina kazi. Vitu 15 au 20 vilivyochaguliwa vinashinda 100 vya kubahatisha, na vingi vyake viwe vyenye unyevu, maana bakteria hawa hupenda majimaji kuliko ukuta mkavu. Mifuko iliyofunguliwa na mabomba ya sindano yaliyobaki. Maji ya chupa ya unyevu ya oksijeni na CPAP. Mrija na chupa ya kufyonzea makohozi. Kisanduku cha sabuni ya maji kinachoongezewa juu ya ile ya zamani bila kuoshwa. Vikombe vya kulishia na beseni vinamooshewa. Kichwa cha mopu. Sinki: usipanguse ukingo tu, ingiza swabu ndani ya tundu mpaka kwenye kona ya bomba linaloshika maji, huko ndiko utando wa bakteria unakojijenga. Na pima umbali kutoka sinki hadi meza ya kuchanganyia dawa. Ikiwa chini ya mita 1 bila kizuizi, matone yanafika, na jibu la maabara halihitajiki ili kuihamisha meza.

Swabu iloweshwe kwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Mahali palipopanguswa klorini, kimiminika kiwe na thiosulfeti ya sodiamu ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa na utaandikiwa "hakuna kilichoota". Sampuli zichukuliwe kabla ya usafi mkubwa. Hapa ndipo uchunguzi mwingi hufa: uongozi unasikia neno mlipuko, usiku huohuo wodi inamwagiwa klorini kuanzia dari, mifuko yote inatupwa, na asubuhi hakuna cha kupima. Vimiminika vinavyoshukiwa viondolewe kwa watoto mara moja, hilo halina mjadala, lakini viwekwe kwenye friji ya maabara kati ya digrii 2 na 8 vikiwa na jina la dawa, namba ya toleo, tarehe na saa.

Kuhusu mikono ya wafanyakazi, sipendi sana kuipima. Ukimbonyezesha mtu vidole vyake vitano juu ya agari utapata alichokishika dakika kumi zilizopita, wala hutajua yeye ndiye aliyempa mtoto au mtoto ndiye aliyempa yeye. Tena likishatoka jina moja, wengine wanaacha kukueleza ukweli kuhusu ile sindano kwenye mfuko. Ukilazimika, pima zamu nzima bila majina. Afadhali ukae kwenye kona kwa saa moja uhesabu mara ngapi mikono ilipaswa kusafishwa na mara ngapi ilisafishwa, na uone kama mfereji una maji na kama chupa ya spiriti ya mikono iko mahali mkono unapofika kutoka kitandani.

Upande wa maabara nitapita haraka. Klebsiella kwenye agari ya MacConkey hutoa koloni kubwa za waridi zenye ute. Pima usugu kwa visahani vya dawa juu ya agari ya Mueller-Hinton, na uthibitishe vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni kwa kulinganisha seftazidimu peke yake na seftazidimu yenye klavulaneti: duara likipanuka kwa milimita 5 au zaidi, vipo. Mfanano wa usugu kati ya watoto unaashiria ukoo mmoja bila kuuthibitisha. Uthibitisho ni kusoma vinasaba, na kwa upande huu wa nchi KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, wa kuulizwa njia ya kufuata. Ila hakuna wa kukusomea bakteria uliowatupa. Hifadhi kila mmoja, wa damu na wa mazingira, kwenye mchuzi wenye gliseroli asilimia 20, kwenye friza ya digrii 80 chini ya sifuri kama ipo.

Wakati hayo yote yanaendelea, wodi haisubiri. Kuanzia siku ya kwanza: ampuli moja, mtoto mmoja, kilichobaki kinamwagwa, maji ya kusukumia kanula yatoke kwenye ampuli ndogo, maji ya CPAP yawe yasiyo na vijidudu na yabadilishwe kila saa 24, walioambukizwa wawekwe upande mmoja na muuguzi wao asivuke kwenda kwa wengine katika zamu hiyo. Famasia italalamika kuhusu ampuli. Wapelekee ile hesabu ya mshazari.

Klorini nayo hukosewa kila mahali. Kanuni ni asilimia uliyo nayo gawanya kwa unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Ya asilimia 3.5 kuwa 0.5: sehemu 6 za maji. Kuwa 0.1 kwa nyuso za kawaida: sehemu 34. Ya chenga ya asilimia 70 kuwa 0.5: gramu 7 hivi kwa lita. Changanya kila siku, kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na jua, na usome tarehe ya dawa yenyewe kwa sababu klorini ya maji hupoteza nguvu stoo. Osha kwanza kwa sabuni na usuuze. Klorini ikikutana na maziwa yaliyoganda au damu huishia hapo na haifiki kwa bakteria. Iache juu ya uso dakika 10, kisha suuza vyuma, maana inavila. Inkubeta isafishwe ikiwa tupu, na kila godoro likaguliwe mshono: lililochanika halisafishiki, linatupwa.

Swabu za njia ya haja kubwa za watoto waliobaki, mara moja kwa wiki, zitakuonyesha wangapi wanabeba bakteria bila kuugua, na mara nyingi ni wengi kuliko waliougua. Usiwatibu hao kwa dawa. Kuwapa meropenemu, antibiotiki ya akiba, watoto wazima ni kutengeneza mlipuko wa mwezi ujao. Watenge tu. Na mmoja wao anaporuhusiwa kwenda hospitali nyingine, iwe ni Kakamega, Eldoret au kituo cha karibu na kwao, barua ya rufaa iseme wazi anabeba Klebsiella ipi na inasikia dawa gani, na mtu apige simu kabla gari halijaondoka, maana barua husomwa mtoto akiwa tayari ameshawekwa inkubeta ya pamoja.